Kiti cha Kusalia

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi mazungumzo juu ya sala, funga, ndoa na malezi ya watoto, na pengine wako watakaostaajabu leo wakituona tumeingia katika khabari za mbao na bolti. Tunawaomba watuvumilie kidogo. Yaliyotupata yalianza katika sala ya Isha, chumbani mwa mama yetu, yakamalizikia katika banda la seremala. Na katika nyumba nyingi za Waislamu leo kimo kiti kama kile.

Mama yetu ni mtu mzima, na magoti yake yamekwisha kuchoka. Kusimama anaweza, kurukuu anaweza. Asiloweza ni kushuka chini akasujudu, kisha akainuka. Jambo hili dini yetu haikuliacha bila ya hukumu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Imran bin Husein, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya sala yake, naye akamwelekeza asali kwa kusimama, akishindwa basi kwa kukaa, na akishindwa hata na hilo basi kwa kulala ubavu. Na wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi wamebainisha kwamba awezaye kusimama haondokewi na faradhi ya kusimama kwa sababu tu ya kuwa hawezi kusujudu. Atasimama panapopasa kusimama, kisha atakaa, na sijida yake ataifanya kwa kuinama kadiri awezavyo.

Basi na tufanye hesabu. Faradhi tano za mchana na usiku zina rakaa 17. Kwa mtu wa hali ya mama yetu, katika kila rakaa hukaa kitini mara moja na kuinama mbele mara mbili. Hizo ni mara 17 za kukaa na mara 34 za kuinama kwa siku moja. Kwa mwezi wa siku 30 ni kukaa mara 510 na kuinama mara 1,020, nasi bado hatujahesabu sunna, wala tarawehe za Ramadhani. Kiti cha kulia chakula hakipati kazi hiyo. Tena anayekula huegemea nyuma na uzito wake hutulia. Lakini anayeinama kwa sijida uzito wake wote hukimbilia ukingo wa mbele wa kikalio, na hapo ndipo kiti hujulikana kama ni kiti au ni sura ya kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa cha kukunja, cha bomba za chuma, namna ile ihifadhiwayo nyuma ya mlango. Kikalio chake kilivikwa ngozi nyeusi ya plastiki, nacho kwa kukitazama kilikuwa kinene na chenye heshima. Wiki tatu kabla ya msiba huu mama alitwambia kwamba kiti kinalia. Tulikipindua, tukaona skrubu moja ya nyuma inacheza katika tundu lake. Tukatia vijiti viwili vya kibiriti, tone la gundi, tukaikaza. Haikuchukua dakika tano, kwani wenzetu walikuwa wakitungoja barazani. Mama akatuuliza, "Kimepona?" Nasi, tukiwa tumekwisha kuvaa viatu, tukamjibu, "Kimepona, mama."

Usiku mmoja wa mwezi wa Rajabu, katika rakaa ya tatu ya Isha, mama aliinama kwa sijida, kikalio kikanyanyuka nyuma na kuzama mbele kama ubao wa pembea, naye akateleza akaanguka. Tuliisikia sauti tukiwa uani. Tulimkuta amekaa chini kando ya msala, ameushika mkono wake wa kushoto. Haukuvunjika, alhamdulillahi, ulivimba, ukapona baada ya siku kumi hivi. Hakutulaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Lakini tangu usiku ule akawa anasali amekaa kitandani, mwanzo wa sala hadi mwisho. Mwenye kukhofu kuanguka ana udhuru wake, na sisi hatumjadili mama yetu katika sala yake. Ila siku moja dada yetu alimsikia akisema, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, "Miguu yangu ingali ikinibeba. Ni kiti ndicho kisichonibeba." Neno hili tulipofikishiwa tulijua kwamba uvivu wetu wa dakika tano ulikuwa umemnyima mzee wetu kisimamo chake mbele ya Mola wake, kisimamo ambacho maradhi yenyewe yalikuwa hayajamnyima.

Shauri la kwanza lilikuwa kununua kiti kingine. Tulikwenda dukani, na safari hii hatukutazama ngozi wala rangi. Tulivipindua viti juu chini, na mwenye duka akatutazama kwa mashaka. Vyote vilikuwa ndugu wa kile chetu: ubao uliofanywa kwa chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi, umefungwa kwa skrubu nne fupi zisizozidi nusu ya unene wake. Viti vya plastiki navyo vilikuwa vya chini mno, na mtu wa magoti kadiri kiti kinavyokuwa cha chini ndivyo anavyopata taabu kuinuka. Kile cha zamani kilikuwa na kimo cha sentimita 46, kimo alichokizoea, na chuma chake kilikuwa kizima hakina kutu. Ndipo tulipoazimia kukifanyia kikalio kipya.

Tulikichukua kwa mzee mmoja seremala wa mtaani petu. Hakuanza na msumeno. Alianza kwa kuyatazama matundu yaliyong'oka. "Vijana," akasema, "skrubu hizi hazikulegea. Zimevutwa." Akatuonyesha kwamba vyuma viwili vya pembeni vinavyobeba kikalio vinakoma karibu na matundu ya mbele, na ubao unatoka mbele yake kiasi cha sentimita 9 bila ya kitu chini yake. Kila mama alipoinama, sentimita zile 9 zilikuwa mkono wa mtaimbo, na skrubu za nyuma ndizo zilizokuwa zikinyanyuliwa. Na chenga za mbao hazina nyuzi za kuishika skrubu, khasa katika pwani yetu hii yenye unyevu; zikisha kunywa maji huvimba, kisha zinameguka kama biskuti. Kijiti chetu cha kibiriti kilikuwa kimeliziba tundu tu. Kilio cha kiti kilinyamaza, ugonjwa ukabaki.

Tunakumbuka kwamba Mwenyezi Mungu alipoisifu safina ya Nabii Nuhu katika Sura ya Al-Qamar aliitaja kwa mbao zake na kwa vile vilivyozifunga mbao hizo. Tulikuwa tumeisoma sura ile tangu chuoni, na hatukupata kulizingatia hilo la pili.

Sasa na tueleze kazi yenyewe, maana wako watakaotaka kuijaribu. Kwanza tulikata kadibodi kwa sura ya kikalio, tukaiweka juu ya vyuma na kukikunja kiti mara kadhaa, tukipunguza kila inapogusa bomba. Tulifurahi ilipopita vizuri. Tukachagua mtiki, kutoka mashamba ya Longuza, Muheza, mti ambao maji hayauwezi upesi. Tukapasua papi tano za unene wa milimita 22, tukazilaza kwa upana wa kiti juu ya vipande viwili vingine vya unene ule ule, na tukapaka vanishi. Kilikuwa kikalio kizuri kuliko kiti. Tulipokuja kukikunja, hakikukunjika hata nusu! Kadibodi ina urefu na upana tu. Sisi tuliisahau milimita 44 ya unene, nayo ikagota katika bomba la miguu ya nyuma. Mzee seremala alikuwa ameyajua hayo tangu tulipopima, akatuacha tujifunze kwa mbao zetu wenyewe. Kiti cha kukunja kisichokunjika kingezuia njia katika chumba kidogo, na usiku mtu angejikwaa nacho. Tungekuwa tumeihamisha khatari kutoka kitini kuipeleka sakafuni.

Mara ya pili tulitumia ubao mmoja wa plaiwudi ya kustahimili maji, wa milimita 18. Ubao wa namna hii umejengwa kwa tabaka nyembamba, kila tabaka nyuzi zake zikipita kinyume cha zile za chini yake, kwa hivyo haupasuki kwa urefu kama ubao wa kawaida. Ile sehemu inayotokeza mbele ya vyuma tuliipunguza kutoka sentimita 9 hadi sentimita 3. Mama si mtu mnene, na kikalio kifupi kidogo hakimdhuru. Chini ya ukingo wa mbele tuliunga kipande kimoja cha ule mtiki kwa gundi na skrubu, tukakilaza baina ya vyuma viwili, si juu yake. Mahali pale pana nafasi hata kiti kikiwa kimekunjwa, kwa hivyo ubao ukapata uti wa mgongo bila ya unene kuongezeka.

Skrubu tulizitupa zote. Mahali pake tulitia bolti nne za milimita 6, zinazopenya ubao na chuma chote hadi upande wa pili. Kichwa cha kila bolti kimezamishwa katika ubao kisimchome mtu, na chini ya chuma imo washa pana, kisha nati ya namna ile yenye pete ya plastiki ndani yake. Hii tunaisisitiza: kiti cha kukunja hutikisika kila kinapofunguliwa na kufungwa, na nati ya kawaida hujifungua polepole bila ya mtu kujua. Na sasa, kikalio hakining'inii kwenye vyuma. Kinavikandamiza, na bolti kazi yake ni kukizuia kisihame.

Kingo za ubao tulizipaka rangi mara tatu, kwani maji huingilia ubavuni kuliko juu. Ukingo wa mbele tuliupiga tupa na msasa mpaka ukawa mviringo kama mpini wa jembe, usikate damu nyuma ya mapaja. Juu tuliweka sponji nyembamba ya sentimita 2 tu. Sponji nene humvutia mnunuzi, lakini mzee huzama ndani yake na kuinuka kunamshinda. Sponji ile dada yetu aliishonea foronya ya pamba yenye kamba za kufungia chini, ili ivuliwe na kufuliwa wakati wowote tahara inapotiliwa shaka. Ile ngozi ya plastiki ilikuwa imepigiliwa pini, haivuliki. Miguuni tulibadilisha vifuniko vya mpira vilivyokuwa vimelika, maana sakafu ya chumbani ni ya vigae.

Kisha tukakijaribu. Tuliazima mifuko miwili ya saruji, kila mmoja wa kilo 50, tukaiweka juu ya kikalio, tukaisogeza mbele mpaka ikaegemea ukingoni, tukailaza pale usiku kucha. Asubuhi tulipima kwa uzi kama ubao umepinda, haukupinda. Baadaye mdogo wetu, ambaye ana kilo 80 na zaidi, akakaa na kuinuka mara 17 akiinama mbele kila mara, tukihesabu kwa sauti, watoto wa jirani wakichungulia dirishani na kucheka.

Tulikirudisha nyumbani Alkhamisi, baada ya Alasiri. Hatukusema kwamba kimepona. Tulikiweka mbele ya mama kikiwa kimepinduliwa miguu juu, tukamwonyesha bolti moja baada ya moja, na kile kipande cha mtiki, na mahali tulipokata. Alizishika nati kwa vidole vyake, akajaribu kuzizungusha, zikakataa. Akauliza kile kipande cha mbele kinafanya kazi gani, tukamweleza. Kisha akasema, "Haya, kigeuzeni. Kaeni nyinyi kwanza, mmoja mmoja."

Tukakaa, mkubwa kwanza, tukainama kama anavyoinama yeye, naye anatutazama usoni wala hatazami kiti. Hakusema kitu. Magharibi alisali kitandani. Isha ilipoadhiniwa tulimsikia akikiburuta kiti mwenyewe hadi penye msala, nasi tukakaa uani kimya, hakuna aliyeyamaliza mazungumzo aliyokuwa nayo. Tulisikia takbiri yake. Tuliusikia ubao ukipokea uzito mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, halafu salamu.

Sasa khabari zimefika msikitini. Huko viko viti sita vya namna ile ile, vimepangwa nyuma ya nguzo kwa ajili ya wazee, na imamu ameagiza tuvipindue vyote Jumamosi baada ya Adhuhuri. Viwili tumekwisha kuvitazama. Kimoja kina skrubu tatu badala ya nne, na katika tundu la ile ya nne mtu ametia kijiti cha kibiriti.