Baiskeli Moja, Njia Tatu



Mwanangu wa tatu alipomaliza kidato cha nne aliniomba kitu kimoja tu: baiskeli ya milimani. Nilimkubalia kwa sharti. Iwe ni hiyo hiyo atakayoendea Marikiti kila asubuhi, hiyo hiyo atakayoendea Tiwi kwa nyanya yake, na hiyo hiyo atakayopanda nayo Wundanyi kwa wajomba zake, maana mama yake ni Mtaita. Nyumba yetu ya Mji wa Kale haina ua. Ukumbi wa chini, karibu na ngazi, unatosha baiskeli moja, na mfuko wangu vivyo hivyo.

Tuliipata ya mtumba kwa fundi mmoja wa Majengo. Fremu yake ni ya alumini, mbele ina springi zinazobonyea kiasi cha milimita 100, nyuma haina springi, breki zake ni za diski, na matairi yake yalikuwa mapana, inchi 2.1, yenye meno makubwa kama ya trekta. Hayo meno ndiyo niliyoyachukia. Juu ya lami yalivuma kama nyuki, na kijana alikuwa akifika nyumbani ametota jasho kwa safari ya nusu saa. Nikamwamuru fundi ayatoe, atie matairi membamba yasiyo na meno, kisha afunge karia ya mizigo. Mwanangu alinyamaza. Fundi akasema, “Maalim, baiskeli ni ile ile, lakini miguu umeibadilisha.” Nikadhani anataka kuniuzia tu matairi mawili zaidi.

Mjini nilionekana nina haki. Katika vichochoro vyetu, ambamo mkokoteni mmoja wa maji hufunga njia nzima, baiskeli ilipita kimya na kwa wepesi. Kero ilikuwa hendeli tu, kwa kuwa baiskeli za aina hii huwa na hendeli pana ili mtu aweze kuimudu kwenye mawe, na ukuta wa matumbawe haumwonei huruma anayeukwaruza kwa vidole vyake.

Kwenda Tiwi ndiko kulikoanza kunitia shaka. Tulivuka feri Likoni, yeye akapanda baiskeli yake nami nikapanda matatu, na mpaka Kombani na mbele yake hakukuwa na la kulalamikia, kwani lami ni lami. Tulikutana palipo na njia ya kuelekea baharini. Hapo mchanga ulipokuwa mwingi, tairi jembamba lilizama kama kisu kwenye boga. Tukapunguza upepo kidogo, ikasogea hatua chache, ikazama tena. Mchanga hutaka tairi liutandikie uso mpana ili uzito wa mtu usambae. Ndiyo sababu wanaopenda kuendesha ufuoni au kwenye theluji wametengenezewa baiskeli zenye matairi ya inchi 4 na zaidi. Yetu tuliisukuma hadi mlangoni kwa mama. Naye, baada ya kutuamkua, aliniuliza kwa nini nimemnunulia mjukuu wake mzigo wa kukokota.

Jambo jingine la pwani ambalo wauzaji hawalitaji ni chumvi. Siku tatu za Tiwi zilitosha kuutia mnyororo kutu nyekundu. Anayeishi kando ya bahari na aoshe baiskeli yake kwa maji baridi, aikaushe, autie mnyororo mafuta kila arudipo ufuoni.

Safari ya Taita ilikuwa ya Disemba. Baiskeli ilifungwa juu ya matatu, nasi tukakaa ndani hadi Voi, na njiani mwanangu akanisimulia asili ya chombo chake. Vijana wa jimbo la California, huko Marekani, walikuwa wakikusanya baiskeli nzito za zamani zenye matairi manene, kisha wakiteremka nazo mbio kwenye mlima Tamalpais. Mwaka 1976 walianzisha mashindano kwenye njia moja ya vumbi, yenye mteremko mkali wa zaidi ya kilomita tatu. Breki zao zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, mtu hufunga kwa kurudisha pedeli nyuma, na zilipata moto hata grisi ikateketea na kutoka moshi. Baada ya kila mteremko ilibidi kupakia grisi upya, na njia ile ikaitwa kwa jina hilo, Repack. Mmoja wao, Joe Breeze, akaunda mwaka 1977 fremu mahususi kwa kazi hiyo.

“Kwa hiyo ya kwanza ilikuwa moja kwa kila kitu,” nikasema, nikiona nimeshinda hoja.

“Ya kwanza, Baba, ilikuwa ya kuteremka. Kupanda waliisukuma, au waliibeba kwenye gari.”

Akanieleza kwamba leo zimegawanyika. Za mbio za masafa, nyepesi, zina springi kama yetu au kuzidi kidogo. Za kuteremka kwenye majabali zina springi za mbele na nyuma zinazobonyea karibu milimita 200, nazo ni nzito mno kupanda nazo mlima. Katikati zipo za wastani, zinazofanya yote bila kuwa bora kwa lolote.

Kutoka Mwatate, penye mashamba makubwa ya mkonge, hadi Wundanyi barabara hupanda kwa kona juu ya kona, na joto la Voi hubaki chini. Kijana alipanda kwa gia ndogo kabisa, akizungusha miguu upesi na kwenda polepole, nasi katika matatu tukampita tukimpungia mkono. Alifika saa moja baada yetu, amechoka na ana furaha. Matairi yangu ya lami yalimsaidia kweli kweli. Nilimwambia hivyo, na nakiri nilimwambia zaidi ya mara moja.

Asubuhi ya pili kulikuwa na ukungu, na udongo ulikuwa umelowa. Tulikuwa tukiteremka njia ya mashambani upande wa msitu wa Ngangao, mimi na shemeji kwa miguu, kijana mbele yetu juu ya baiskeli. Mzee mmoja aliyekuwa na Black Mamba, baiskeli ya gia moja, na gunia la kabeji nyuma, alishuka alipoiona kona, akaishika kwa mikono miwili, akaiteremsha akitembea. Mwanangu hakushuka. Alibana breki, breki zikashika vizuri, lakini matairi hayakuwa na cha kushika. Baiskeli ikaondoka chini yake kama sabuni. Tulipofika alikuwa amekaa matopeni, ameukumbatia mkono wake wa kushoto, na kifundo kimeanza kuvimba.

Shemeji aliligeuza gurudumu, akalipapasa kwa kidole gumba. “Shemeji, haya nani aliyechagua?”

Mfupa ulikuwa umevunjika. Alitiwa plasta, na njia nzima ya kurudi Mombasa hakunilaumu kwa neno hata moja, jambo lililonielemea kuliko angenilaumu.

Nikiulizwa sasa kama baiskeli moja yatosha, nitasema yatosha kwa familia kama yetu: springi za mbele tu, gia ndogo ya kupandia, na fremu yenye nafasi ya matairi mapana, kwani si kila fremu inayo. Iwe na jozi mbili za matairi, nusu saa ya kuyabadilisha, na pampu yenye saa ya upepo. Kwa lile tairi pana, pauni kama 50 kwenye lami, karibu na 30 kwenye njia ya udongo, na chini ya hapo mchangani, kwa tahadhari tyubu isibanwe na rimu. Kwa anayetaka kuruka majabali haitoshi, na asijaribu. Nilichokosea mimi ni kutaka chombo kimoja kiende kote kwa miguu ya njia moja, tena njia ninayoipita mimi.

Yale matairi yenye meno fundi alikuwa bado anayo. Aliniuzia kwa shilingi 1,500, bila kutabasamu. Yamening'inia juu ya ngazi, na plasta itakatwa Jumatatu.