Viazi vya Krismasi

Nyuma ya nyumba ya bibi yangu, Nyanguge, kulikuwa na jabali lililolala kama mgongo wa kiboko aliyezama nusu. Mwezi wa sita, mvua zikishakatika, jabali lile liligeuka kuwa sehemu ya jiko lake. Viazi vitamu vilichemshwa na maganda yake katika chungu kikubwa, vikamenywa vingali vya moto hadi vidole vikawasha, vikakatwa vipande virefu na kuanikwa juu ya jiwe. Jua lilivipiga kwa juu, na jiwe lililoshika joto likaviunguza kwa chini. Kazi yangu ilikuwa kukaa kivulini na fimbo, niwafukuze mbuzi na kuku. Siku zilivyopita vipande vilisinyaa, vikaingia rangi ya asali nzito, vikawa vigumu kiasi kwamba ukitia kimoja mdomoni unakwenda nacho kisimani na kurudi. Hayo ndiyo matobolwa. Vile vinavyokatwa na kuanikwa vibichi, vyeupe na vikavu kama chaki, ni michembe, na ni chakula kingine kabisa. Ukivichanganya hivyo viwili mbele ya Msukuma mtu mzima atakusahihisha hapo hapo.

Nimeanza na matobolwa kwa sababu ndiyo yaliyokuwa Krismasi yetu. Wali ulikuwapo, na nyama ya mbuzi ilikuwapo mwaka ukiwa mwema, lakini chakula ambacho watoto tulikihesabia siku kilikuwa kile kitamu cha mwisho. Desemba kwetu ni mwezi wa mvua. Matuta ndiyo kwanza yanainuliwa na marando yanapandwa, na kiazi kibichi shambani kwa bibi hakikuwapo. Kwa hiyo matobolwa yalingoja ndani ya kihenge tangu Agosti. Mkesha wa Krismasi bibi aliyaroweka, na asubuhi aliyapika kwa moto wa polepole pamoja na karanga zilizotwangwa na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, kisha akamalizia na kijiko cha samli. Sukari hakutia. Sukari nyumbani kwake ilikuwa ya chai ya mgeni, imefungwa kwenye karatasi na kuwekwa sandukuni chini ya kanga. Utamu wote wa chungu kile ulikuwa wa jua la Juni na Julai.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Sisi tuliishi Kirumba, na baba alifanya kazi ya kupakia na kupakua mizigo stesheni. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo mji wetu ukawa umeunganishwa na bahari kwa chuma. Mimi nilikuja kuuelewa muunganiko huo kwa njia ya nazi. Baba alirudi nazo jioni, mbili au tatu ndani ya mfuko wa gunia, zimesafiri siku kadhaa kutoka pwani. Mama alizipokea kama mtu anayepokea barua ya lugha asiyoisoma. Alijua karanga, alijua samli na maziwa. Nazi alikuwa akiipasua tu na kutugawia tutafune.

Aliyemfundisha kuisoma alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kiislamu aliyeletwa Mwanza na ndoa kutoka Pangani. Sote tulimwita Bibi wa Pangani, hata watu wazima. Ramadhani alituletea sahani ya futari kila jioni bila kukosa: mara muhogo, mara viazi vitamu, mara gonja mbivu zilizoletwa na meli kutoka Bukoba, vyote vya nazi na vyote vikinukia iliki. Sisi tulirudisha sahani ile siku ya Krismasi ikiwa na kitu, maana sahani ya jirani hairudishwi tupu. Siku moja mama aliirudisha na matobolwa ya bibi. Bibi wa Pangani akaonja, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hiki kinalilia tui."

Basi wakakaa chini kwenye mkeka, mbuzi ya kukunia nazi katikati yao, nami nikitazama. Nazi ikakunwa. Tui zito likakamuliwa kwanza kwa kifumbu na kuwekwa pembeni. Chicha ikatiwa maji tena na kukamuliwa tui jepesi. Viazi na ndizi mbivu vikapangwa kwa tabaka ndani ya sufuria, tui jepesi likamiminwa, sukari, iliki, chumvi chembe. Vilipokaribia kukauka ndipo tui zito likaingia. Na hapo Bibi wa Pangani akafanya kitu ambacho mama hakuwahi kukiona: alifunika sufuria, akapunguza moto wa chini, akazoa makaa kwa koleo na kuyapalia juu ya mfuniko. Kulipofunuliwa, juu pamekuwa na ngozi ya rangi ya kahawia inayong'aa, na chini pamefanya ukoko. Mama alicheka kwa mshangao. "Mbona hili ni jabali la mkwe?" alisema. Kwake yeye, moto wa juu na wa chini ulikuwa tayari una mahali pake, Nyanguge.

Tangu mwaka ule Krismasi ya Kirumba ikawa na viazi vya nazi. Bibi alipokuja mjini akavila, akakiri ni vitamu, akauliza tu kwa nini vimetiwa sukari wakati viazi vyenyewe vina sukari. Hakuna aliyemjibu. Sukari ndiyo iliyokuwa alama ya kwamba sisi ni watu wa mjini.

Kisha sukari yenyewe ikaondoka. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia upande wa kaskazini wa mto Kagera, na kiwanda cha sukari cha Kagera kilikuwa ndani ya eneo lililovamiwa. Vita ilikwisha mwaka uliofuata, lakini uhaba ulibaki, nchi nzima. Miaka ya mwanzo ya themanini ninaikumbuka kwa foleni: sabuni, khanga, unga, sukari. Niliwahi kusimama tangu alfajiri nikiwa na kikapu, nikafika dirishani kukiwa kumebaki chumvi. Nilikuwa mtoto na nililia njia nzima, si kwa njaa bali kwa sababu Krismasi ilikuwa imebakiza siku tatu na mama alikuwa amenituma mimi.

Mama hakunigombeza. Alimtuma mtu Nyanguge, na kesho yake likaja furushi la matobolwa. Nazi zilikuwapo mbili. Akayaroweka matobolwa kama alivyofanya mama mkwe wake, akayapika kwa tui kama alivyofundishwa na jirani, akatwanga karanga chache akanyunyiza juu, akapalia makaa. Sukari hata punje. Nimekula viazi vya Krismasi miaka zaidi ya hamsini sasa, na sijala vizuri kuliko vile. Matobolwa yana utamu wa kina, unaokaribia uchungu kidogo mwishoni kama sukari iliyoanza kuungua, na tui huulainisha bila kuuficha. Sukari ya dukani hupiga kelele juu ya kila kitu. Niliyajua hayo nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na bado sukari iliporudi madukani tuliirudia bila kufikiri.

Ndizi nazo zina mwaka wake. Gonja zilikuwa zikitushukia bandarini kutoka Bukoba, na kwenda kuzichagua pamoja na mama ilikuwa furaha yangu ya Desemba: anabonyeza kidogo kwenye shingo ya ndizi, ananusa, anataka yenye maganda yaliyoanza kuwa meusi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, imejaa watu na mikungu ya ndizi. Mamia walikufa. Wengi walizikwa Igoma, na kila mtaa wa mji huu ulikuwa na matanga. Desemba ya mwaka ule mama alipanga viazi ndani ya sufuria, tabaka juu ya tabaka, na pale penye tabaka la ndizi akapaacha. Hakueleza, nasi hatukuuliza. Ndizi zilirudi sufuriani baada ya miaka miwili, siku ambayo Bibi wa Pangani alikuja nazo mwenyewe, zimeiva, na kuziweka juu ya meza yetu.

Krismasi ninayoisimulia zaidi kwa watoto wangu ni ya mwaka 2000, kwa kuwa iliangukia ndani ya Ramadhani, Idd ikiwa mlangoni. Chakula cha mchana kililiwa, lakini mama alikataa kufunua sufuria ya viazi. Tulizunguka tukinusa tangu saa nane. Jua lilipozama upande wa ziwa na adhana ikasikika, tulibeba sufuria ikiwa na mfuniko na makaa yake yaliyozimika, tukaingia nayo nyumba ya pili. Bibi wa Pangani alifuturu kwa tende na maji, kisha akafunua mwenyewe. Alikuwa mzee sana wakati huo. Alichota ukoko wa pembeni akampa mama kwanza, kama mwalimu anavyompa mwanafunzi cheti.

Mimi nimekipokea chakula hiki nikiwa na mawazo yangu, na mdogo wangu akayachochea. Aliwahi kusoma Marekani, na aliporudi alituambia kwamba kule, Alhamisi ya nne ya Novemba, katika sikukuu yao ya kushukuru, huoka viazi vitamu kwenye bakuli pana, na wengine hutia nanasi. Nikataka kuiga. Mama alisikitika kwa ajili ya tui: asidi ya nanasi hulikata. Nilijaribu na kweli likakatika, mafuta juu, maji chini. Nikajifunza kupika nanasi kwanza pamoja na viazi, bila tui, hadi maji yake yaishe na harufu kali itulie. Tui zito linaingia mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshateremshwa. Mananasi ninapenda ya ng'ambo, upande wa Sengerema na Geita. Zamani yalivuka Busisi kwa kivuko, nawe ukasubiri foleni ya magari hadi mengine yakaanza kuchacha kwenye tenga. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, na nanasi linafika sokoni likiwa bado limesimamisha majani.

Na kiazi chenyewe kimebadilika rangi. Bibi alipanda vyeupe, vyenye unga, vile ambavyo ukivivunja vinatoa mvuke na kukukaba koo. Kuanzia 2009 hivi, mradi ulioitwa Marando Bora ulisambaza mbegu safi ya viazi katika Kanda ya Ziwa, na viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa vikaanza kuonekana, Kabode na Ejumula miongoni mwavyo. Rangi ile mwilini hugeuka kuwa vitamini A, ambayo upungufu wake huwapofusha watoto. Mwaka 2016 Robert Mwanga, mtafiti wa Uganda, alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi ya namna hii. Naiheshimu sana kazi hiyo. Nimewaona wajukuu wa dada yangu wakila viazi lishe kama pipi. Lakini jikoni lazima niseme ukweli: vina maji. Ukivichemsha kisha ukavitia tui, unapata uji. Ndiyo maana siku hizi sivichemshi. Navipanga vibichi, vipande vinene, nanasi kati yake, napalia makaa mengi juu kuliko chini, nangoja. Vinajikausha vyenyewe. Na kwa kuwa ni vitamu vya kutosha, pamoja na nanasi, mwaka wa tatu huu sijatia sukari.

Nilipompelekea mama mara ya kwanza, aliitazama ile rangi kwa muda mrefu. Ana zaidi ya miaka themanini sasa na macho yamechoka, lakini rangi ile aliiona.

"Hiki umekipaka binzari?"

"Hapana, mayu. Ndivyo kilivyo."

Akaonja. Akauliza nanasi limefuata nini humo, nikamweleza. Akauliza sukari nimetia vijiko vingapi, nikasema hata kimoja, naye akainua kichwa kunitazama vizuri zaidi. Kisha akasukuma sahani pembeni, akavuta sufuria yenyewe karibu, akaanza kukwangua chini kwa kijiko. Meno hana tena, kwa hiyo ukoko anaumung'unya taratibu, akiuhamisha shavu hili na shavu lile, vile nilivyokuwa nikikaa na kipande kimoja cha matobolwa njia nzima ya kisimani. Nilikaa naye hadi sufuria ikawa nyeupe.