Waraka kutoka London: Mwelekeo wa Msimu na Joto Linalotarajiwa

Kila mwaka, kabla ya majira ya joto ya Juni hadi Agosti, Wazanzibari waishio London husikia mwelekeo wa msimu ukitangazwa, na wengi wao huuchukua kama utabiri wa siku, ilhali mambo hayo mawili ni mbalimbali. Utabiri hueleza hali ya hewa ya kesho au keshokutwa. Mwelekeo hueleza uwezekano wa wastani wa miezi kadhaa kuwa juu au chini ya kawaida, na kawaida hiyo hupatikana kwa kumbukumbu za miaka 30, ambayo kwa sasa aghalabu ni 1991 hadi 2020.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nayo hufuata njia hiyo itoapo mwelekeo wa vuli na masika. Kumbukumbu hizo hugawanywa mafungu matatu sawa, yaani chini ya wastani, wastani na juu ya wastani, kila moja likiwa na theluthi ya uwezekano. Ikitangazwa kwamba fungu la juu limepewa asilimia 50, nusu nzima bado imo katika mafungu mawili mengine, na msimu ukiangukia huko si haki kusema kwamba wataalamu wamedanganya. Wanaloegemea ni bahari, ambayo hupata joto na kupoa polepole kuliko hewa. Mwaka 2019 magharibi ya Bahari ya Hindi ilipata joto kuliko mashariki yake kwa kiwango kikubwa mno, na vuli ya Afrika Mashariki ikawa ya mafuriko.

Hata hivyo wastani huficha kilele. Tarehe 19 Julai 2022 joto lilifika nyuzi 40.3 za Selsiasi huko Coningsby, Uingereza, katika nchi ambayo nyumba zake zimejengwa kuzuia baridi, wala hakuna mwelekeo wa msimu ambao ungeweza kuitaja siku hiyo miezi kabla.

Kilele ndicho kinachowaumiza pia wakulima wa mwani Unguja, ambao kilimo chao kilishika kasi pwani ya mashariki tangu 1989. Kaskazi inapovuma na maji ya bamvua yakapwa, maji machache yanayobaki juu ya mchanga hupata moto hata matawi ya kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri kuliko aina nyingine iitwayo spinosamu, yakageuka meupe, yakalegea na kukatika, na akina mama wakakuta kamba tupu kati ya vigingi. Matangazo yanayosikika zaidi ni ya mvua, nao wanahitaji ya joto, tena joto la maji ya ufukweni, kwa kuwa kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hupima hewa ya kivulini. Mwelekeo wa Desemba hadi Februari ungewafikia mapema, wangeweza kuamua kuvuna kabla ya wakati au kuhamishia mbegu kwenye maji ya kina, kazi inayodai mashua na watu wajuao kuogelea.