Kaisho: Msimu wa kahawa ndio msimu wa kikohozi

Kyerwa. Shule zinapofungwa mwezi Juni, mabasi yaendayo Karagwe na Kyerwa hujaa watoto wanaopelekwa kwa bibi. Wazazi wa Mwanza, Bukoba na hata Dar es Salaam wana sababu nyingi za kuwapeleka. Watoto wajue kwao, wale ndizi za shambani, wasikie Kinyambo. Moja ya sababu hizo hutajwa karibu kila mwaka: wakapate hewa safi, maana mjini ni moshi mtupu.

Kaisho inaipa nguvu imani hiyo. Iko katika vilima vya Wilaya ya Kyerwa, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Karagwe, si mbali na Murongo, mahali ambapo Mto Kagera unaitenganisha Tanzania na Uganda. Migomba imeifunika miteremko, mibuni imejificha chini ya migomba, na hakuna kiwanda kikubwa chenye dohani. Usiku ni wa baridi kiasi cha kutafuta blanketi la pili.

Lakini mtu akiamka alfajiri mwezi wa Julai na kutazama bondeni, ataona utando mweupe umelala juu ya mapaa. Wengi huuita ukungu, na kwa sehemu ni kweli. Sehemu nyingine ni moshi wa majiko ya jana usiku na ya asubuhi hiyo. Usiku wa baridi, hewa nzito hushuka na kutulia bondeni, na hewa yenye joto zaidi huikalia juu kama mfuniko wa sufuria. Moshi hukosa njia ya kupanda. Hubaki pale pale watu wanapoishi mpaka jua lichomoze na kuipasha ardhi, na kufikia hapo watoto wameshakunywa chai wakaenda kuchezea barabarani.

Barabara nayo ina lake. Inayotoka Omurushaka kwenda Murongo imekuwa ya changarawe na udongo mwekundu kwa miaka mingi, na senta ya Kaisho imejipanga kandokando yake: maduka, mashine ya kusaga, kijiwe cha bodaboda, meza ya nyanya, kikaango cha maandazi juu ya jiko la mkaa. Kila lori la ndizi au maharage likipita, senta nzima hubadilika rangi. Mama muuza maandazi hufunika beseni lake kwa khanga. Mtoto aliyembeba mgongoni hafunikwi, kwa sababu akifunikwa atapata joto na kulia.

Kiangazi hicho hicho ndicho msimu wa pesa. Robusta ya Kagera huvunwa kuanzia Mei na kuendelea, na huanikwa juani na ganda lake, juu ya turubai, chanja au ardhi iliyofagiwa. Ikikauka hupelekwa kukobolewa. Tofali huchomwa wakati huu kwa sababu mvua haitaziharibu. Ndizi za pombe huiva, rubisi hutengenezwa, na wanaopika gongo huchochea kuni kwa saa nyingi nyuma ya migomba. Takataka za senta hukusanywa na kutiwa kiberiti, chupa na vifungashio vya plastiki vikiwemo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, ila plastiki nyingine zinaendelea kuungua, na moshi wake una kemikali za sumu ambazo kuni peke yake hazina.

Kwa hiyo, mtoto aliyeletwa kupata hewa safi anafika katika miezi ambayo hewa ya Kaisho imebeba mzigo mkubwa kuliko yote.

Vumbi la kahawa halijachunguzwa kama linavyostahili, ingawa ni riziki ya mkoa mzima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, waliwapima wafanyakazi wa viwanda vya kahawa nchini, vya robusta na vya arabika. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2013 yalionyesha kwamba vumbi la robusta, ile inayokaushwa na ganda lake, lilikuwa na sumu za bakteria kwa wingi kuliko la arabika. Sumu hizo huwasha njia ya hewa na kuleta kikohozi na kifua kubana. Hao walikuwa watu wazima walio kazini. Nyumbani, anayekaa jirani na turubai la kahawa ni mtoto anayeambiwa awafukuze kuku.

Na baba anayetoka kwenye machimbo ya bati ya Kyerwa hurudi na vumbi la aina nyingine kwenye nguo. Mawe yenye bati huwa na silika. Silika ikivutwa kwa miaka huacha makovu kwenye mapafu ambayo hayaponi, na humweka mtu karibu zaidi na kifua kikuu. Nguo za machimboni zifuliwe peke yake, na zisikung'utiwe chumbani walimolala watoto.

Jikoni

Hata hivyo, moshi mwingi zaidi unaoingia kwenye kifua cha mtoto wa Kaisho unatoka hatua kumi nyuma ya nyumba.

Jiko la huku mara nyingi ni kibanda chake chenyewe: kuta za udongo, dirisha dogo au hakuna, mafiga matatu katikati. Chakula ni ndizi na maharage, na maharage hayana haraka. Yasipolowekwa hukaa motoni saa mbili hadi tatu, na aliyekaa nayo ni mama, bibi au binti, akiwa na mtoto mgongoni au pembeni. Wengine huutetea moshi: unafukuza mbu, unakausha kuni za kesho, unahifadhi paa la nyasi. Paa sasa ni bati, lakini hoja imebaki.

Chembe zinazowasumbua wataalamu zaidi si masizi meusi yanayoonekana ukutani. Ni zile zenye upana wa maikromita 2.5 au chini ya hapo, kiasi kwamba takriban 30 zingehitajika kuufikia upana wa unywele mmoja. Nywele za puani haziwezi kuzikamata. Hufika mwisho wa mapafu, na nyingine huvuka kuingia kwenye damu, ndiyo maana moshi wa jikoni hauishii kwenye kikohozi. Huchangia shinikizo la damu, kiharusi na magonjwa ya moyo. Mtoto mchanga huvuta pumzi mara nyingi kuliko mtu mzima kwa dakika moja, kwa hiyo hupokea kipimo kikubwa kwa kila kilo ya mwili wake.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Watoto hao wengi huuawa na nimonia.

Serikali imelichukua jambo hili kwa uzito. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mitungi ya gesi ya kilo 6 imekuwa ikisambazwa vijijini kwa bei ya ruzuku. Tatizo la mtungi huja siku unapoisha. Kuni za Kaisho hutoka kwenye mikaratusi na mibuni iliyopogolewa, au hununuliwa kidogo kidogo kwa pesa ya siku. Gesi hutaka pesa yote kwa mkupuo, na mara nyingi mtungi hubaki pembeni kwa chai ya asubuhi huku maharage yakiendelea na mafiga.

Kuna utafiti ambao kila mzazi wa Kyerwa angepaswa kuusikia, kwa sababu sehemu yake ulifanyika ng'ambo ya mto tu, katika Wilaya ya Kayonza, mashariki mwa Rwanda. Wajawazito wapatao 3,200 katika nchi za Rwanda, India, Guatemala na Peru waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa jiko la gesi na gesi ya bure kwa miezi 18. Jingine liliendelea na kuni. Chembe walizovuta wanawake wa gesi zilipungua, kutoka kiwango cha kati cha maikrogramu 70 hivi katika kila mita ya ujazo ya hewa hadi 24. Watafiti wakasubiri kuona watoto wakizaliwa wazito zaidi na wakiugua nimonia kidogo. Matokeo yaliyotoka kati ya 2022 na 2024 hayakuonyesha tofauti ya maana, si kwenye uzito wa kuzaliwa wala kwenye nimonia kali ya mwaka wa kwanza.

Mtu anaweza kuisoma habari hiyo akaamua kwamba basi gesi haina faida. Isomwe vizuri. Hiyo 24 bado ni karibu mara tano ya kiwango cha 5 ambacho WHO inakipendekeza kama wastani wa mwaka. Mama alizima moshi wake, lakini vumbi la barabara, moto wa jirani na takataka za senta viliendelea kuingia dirishani. Na miezi 18 ni michache kwa ugonjwa wa moyo unaojengwa kwa miaka 30. Kinachoonekana ni kwamba mtungi mmoja kwenye kaya moja hauwezi kuisafisha hewa inayotumiwa na kitongoji kizima, na hapo mzigo unatoka mgongoni mwa mama peke yake na kufika kwenye serikali ya kijiji, inayoamua takataka zinachomwa wapi na tanuri la tofali linajengwa umbali gani kutoka shuleni.

Pesa ya jiko

Ukizunguka Kaisho utaona nyumba ya tofali za kuchoma, bati jipya, mlango wa chuma uliopakwa rangi, na nyuma yake jiko lile lile la udongo. Jiko ndilo jengo la mwisho katika kila boma. Pesa ya kahawa mara nyingi huwa mikononi mwa baba, na baba haketi jikoni. Kaya nyingine pesa hiyo hata haifiki, maana kahawa iliuzwa butura ingali maua, kwa bei ya mnunuzi, ili kulipia ada au matibabu. Huenda matibabu hayo yalikuwa ya kifua.

Si kila kitu kinangoja pesa ya kahawa. Maharage yakilowekwa usiku kucha hupunguza muda wa moto kwa kiasi kikubwa, na maji ya kulowekea hayanunuliwi. Kuni zikipasuliwa na kukaushwa kiangazi zima, hutoa moshi kidogo kuliko gogo bichi. Madirisha mawili yanayotazamana hufanya kazi ambayo dirisha moja haliwezi. Na mtoto anaweza kukaa mlangoni, au nje chini ya mgomba na dada yake, badala ya kubebwa mgongoni juu ya chungu.

Jambo moja halina mjadala. Katika baridi ya Julai wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto walale na joto. Mkaa uliokwisha kuacha moshi bado hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Jiko libaki nje, hata likionekana limezimika.

Mzazi anayemsafirisha mtoto mwenye pumu kwa likizo aweke dawa ya kuvuta kwenye begi la mkononi, si kwenye buti la basi, na amwoneshe bibi jinsi ya kuitumia. Kifaa cha kusaidia mtoto kuivuta kikikosekana, chupa safi ya plastiki ya nusu lita hufaa: hutobolewa tundu kitakoni linaloshika mdomo wa dawa barabara, mtoto akapumulia kwenye mdomo wa chupa. Madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, waliijaribu njia hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Ilifanya kazi vizuri kama kile cha dukani.

Kikohozi kikianza, bibi ana majani yake na asali yake, na si busara kugombana naye kwa simu. Mwombe kitu kimoja: mtoto akiwa ametulia, amfunue kifua na ahesabu pumzi kwa dakika moja nzima kwa saa ya simu. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi. Wa miezi miwili hadi 11, pumzi 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Zikifika hapo, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta hewa, au akikataa kunyonya, bodaboda iitwe saa hiyo hiyo, mtoto afike zahanati au hospitali kabla giza halijaingia.

Mvua za Septemba zikianza, vumbi hulala. Barabara huwa tope, turubai za kahawa hukunjwa, watoto wa likizo wameshasahau kikohozi chao wakiwa darasani mjini. Kaisho kuni zimelowa, mvua inawasukuma wapishi ndani, na mlango wa jiko unafungwa ili maji yasiingie.