Nakala ya akiba

Wasomaji wangu, samahanini kwa ukimya. Juzi nilifuta makala zote za gazeti letu! Seva yetu inatumia MariaDB, programu huria iliyochipuka kutoka MySQL mwaka 2009. Mtaalamu wetu yuko likizo, nami nikataka kufuta habari moja iliyojirudia. Nikaandika DELETE, nikasahau WHERE. Nikakimbilia seva ya pili. Wapi! Kazi yake ni kuiga ya kwanza, ikaiga na kosa langu. Nakala za kila usiku zilikuwepo, ila hakuna aliyewahi kujaribu kuzirejesha. Baada ya saa tatu za jasho, makala zikarudi, isipokuwa za siku ile. Jamani, nakala usiyowahi kuirejesha ni matumaini tu. Jaribuni zenu leo.