Kutuliza Kichwa
Ushairi na tafsiri nilijifundisha mwenyewe. Hapana aliyenisimamia ila msomaji, naye huwa mbali. Gofu haikubali hivyo. Kipira kisichozidi gramu 45.93 kimetulia nyasini, hakikimbii, hakina hila, na fimbo yangu yapita juu yake ikiukata upepo wa Kilindini.

"Mzee, usikichungulie kinakokwenda," huniambia kijana mbeba mifuko, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. "Tuliza kichwa."

Marehemu baba naye aliibeba mifuko hiyo huko bara, zama za ukoloni, na hakuruhusiwa kupiga hata kimoja. Huenda ndiyo sababu siachi, ingawa bega lauma. Shimo lina upana wa milimita 108 tu! Jana nilikipiga kikaruka sawasawa. Sikukiona kilikoangukia, maana macho yalikuwa bado nyasini.