Niliziba Ufa, na Ukuta Nikaujenga Vile Vile

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa. Leo nitaandika juu ya ukuta, lakini mwishoni mtaona programu nazo zimeingia.

Nyumba ya bibi yangu iko Mji wa Kale, Mombasa. Ni ya zamani: kuta nene za mawe ya matumbawe, plasta ya chokaa, dari ya boriti za mikoko. Mwaka 2022, nilipolipwa kazi yangu ya kwanza kubwa, ukuta wa chumba chake ulikuwa na unyevu na chokaa inabanduka. Nikaleta saruji na rangi ya kuzuia maji, tukaufunika wote, ndani na nje. Ukang'aa. Bibi akaniombea dua.

Mwaka jana akanipigia simu: "Mjukuu wangu, dari inanimwagia unga."

Nilipanda ngazi, nikachoma boriti kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Ikazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Kitanda cha bibi kilikuwa chini yake hasa.

Fundi mmoja mzee alibandua saruji kidogo. Nyuma yake jiwe lilikuwa chapachapa. "Mwanangu," akasema, "ukuta huu umeuvalisha nailoni."

Matumbawe yana vitundu vingi. Maji hupanda humo kutoka ardhini kama mafuta ya taa kwenye utambi, yakibeba chumvi. Plasta ya chokaa huyaacha yatoke kama mvuke. Chumvi inayobaki huganda na kuibandua chokaa, lakini chokaa ni nguo tu: ikichakaa hubadilishwa, na jiwe linabaki salama. Saruji haipitishi mvuke kwa urahisi. Basi maji hukosa pa kutokea, yakazidi kupanda mpaka yakafika kwenye boriti.

Na chanzo chenyewe? Bomba la maji ya mvua lilikuwa limepasuka nyuma ya nyumba, likimwaga yote chini ya ukuta ule. Sikuwahi kwenda kuangalia.

Hapo niliona haya. Kazini, kijana mgeni akificha ujumbe wa kosa ili mteja asiuone, mimi ndiye wa kwanza kumkemea. Chokaa iliyobanduka ilikuwa ujumbe wa kosa. Mimi niliupaka rangi.

Bomba tumelitengeneza na boriti tatu tumezibadilisha. Saruji tumeibandua yote, na mahali pengine iling'oka pamoja na jiwe. Sasa tunaungoja ukuta ukauke, ndipo tupige chokaa na mchanga, tabaka baada ya tabaka. Bibi analala sebuleni. Hajanilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuziba, na ukuta naujenga. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukuta wako ukitoa jasho, zunguka kwanza nyuma ya nyumba.

Haya, tuonane wiki ijayo.